Shangazi, kanuni zetu ni moja kwa wote, mbona naambiwa ninabagua?

Shangazi, shikamoo.

Nakuandikia kutoka Sikonge. Mimi ni mwenyekiti wa kikundi cha ufugaji nyuki chenye wanachama 14, wanaume 8 na wanawake 6. Mizinga yetu mingi ni ya magogo, imetundikwa juu mitini kama walivyofanya wazee wetu, na michache ni ya mbao. Tulipoandika katiba ya kikundi, mimi ndiye niliyesisitiza mstari wa kwanza uwe “Binadamu wote ni sawa.” Marehemu baba alikuwa mwana TANU, maneno hayo hayakumtoka mdomoni, nami nimekua nikiyaamini.

Kwa hiyo kanuni zetu ni zilezile kwa kila mtu. Hisa sawa, mgao sawa, zamu za kwenda porini kurina asali sawa. Asiyekwenda zamu yake analipa faini ya shilingi 10,000. Asiyefika mkutanoni analipa 2,000. Sijampendelea mtu. Mdogo wangu wa tumbo moja ni mwanachama, naye nimemtoza.

Matatizo yameanza kwenye mgao wa mwaka huu. Mwenzetu mmoja ni fundi cherehani. Mguu wake ulilemaa kwa polio tangu utotoni, na anatumia baiskeli ya magurudumu matatu. Kambi yetu iko ndani sana porini, baiskeli ile haifiki, kwa hiyo kila zamu yake ikija analipa faini. Huyohuyo ndiye anayetutunzia daftari la hesabu, na tangu alishike haijapotea hata shilingi. Siku ya mgao, baada ya kukatwa faini zote, alibaki na fedha kidogo kuliko mtu yeyote. Hakugombana. Alisaini, akaniambia, “Mwenyekiti, kanuni yako ni sawa kwa wote wenye miguu miwili.”

Kabla sijapata jibu, kijana wetu ambaye ni kiziwi akaniletea karatasi. Kwa kupanda miti na kutuliza nyuki hakuna anayemfikia kikundini. Aliandika kwamba ametozwa 2,000 kwa mkutano ambao saa yake ilibadilishwa kwa mdomo, na kwamba tangu ajiunge hajawahi kuulizwa anafikiri nini.

Hapo wazee wawili wakaja na lao. Wanasema kama tunazungumza haki, basi wanawake wapewe nusu mgao, kwa kuwa hawapandi juu wala hawalali kambini. Mmoja alisema vidole vya mkono havilingani, ni Mungu mwenyewe aliyeumba hivyo. Kina mama wamekasirika, wawili wanataka kuondoa hisa zao.

Nilipopendekeza tumfutie fundi faini, mwanachama mwingine akainuka: “Na mimi mgongo unaniuma, utanifutia? Ukianza kumtazama mtu mmoja mmoja, usawa umekufa.”

Shangazi, nikishika kanuni moja naambiwa ninabagua. Nikitazama tofauti za watu naambiwa ninapendelea, na wazee wanazichukua tofauti hizohizo kuwapunja kina mama. Tuna mkutano kabla ya msimu kuanza. Nisimame wapi?

Mwenyekiti, Sikonge

*

Marahaba, mwanangu Mwenyekiti.

Nianze na hili la kumtoza mdogo wako, maana limenigusa. Kiongozi anayeanza na ndugu yake ni kiongozi anayeweza kuaminika, na ndiyo sababu naamini maneno yangu hayatapotea bure. Huna nia mbaya. Kanuni zako ndizo zenye tatizo, na kanuni hurekebishwa.

Ninachoamini ni hiki. Usawa wa watu hautokani na kufanana kwao. Fundi yuko sawa nawe kwa sababu ni mtu, ana hisa yake, ana watoto wanaosubiri mgao kama wako wanavyosubiri. Hayo yangekuwa kweli hata kama asingekuwa na mguu hata mmoja. Ukilishika hilo vizuri, hutaogopa tena kuziona tofauti za watu wako, wala hutalazimika kujifanya hazipo ili katiba yenu isimame.

Sasa itazame ile kanuni ya zamu. Mlipoiandika, mlikuwa mnamwona nani akilini? Bila shaka mwanamume mzima, mwenye miguu miwili, mwenye masikio, asiye na mtoto mgongoni, anayeweza kulala kambini siku kadhaa bila mtu kuuliza nyumbani watakula nini. Kanuni ilikatwa kwa kipimo chake, kisha mkawavika wote. Yeye haimbani popote, ndiyo maana anaiona ni ya haki. Fundi inambana kila msimu, na kila msimu mnamlipisha kwa kubanwa kwake. Hebu fikiria: mwenye miguu anaweza kukwepa faini kwa kwenda porini. Fundi hana njia ya kuikwepa. Kwake ile si faini tena, ni kodi ya ulemavu.

Sisi watu wa Tabora tulipaswa kulijua jambo hili kuliko wengine. Januari 1958 TANU ilifanya mkutano wake mkuu hapa mjini, na hoja iliyowatoa watu jasho ilikuwa kura tatu. Serikali ya kikoloni ilikuwa imepanga kila jimbo litoe wajumbe watatu wa Baraza la Kutunga Sheria, Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja, na kila mpiga kura alilazimika kuwachagua wote watatu, la sivyo kura yake imeharibika. Kwa hesabu ya vidole ni usawa mtupu: moja, moja, moja. Lakini Waafrika ndio waliokuwa karibu nchi nzima, na hata kupata haki ya kupiga kura kulihitaji masharti ya kipato, elimu au cheo ambayo wengi wao hawakuwa nayo. Mwalimu Nyerere aliwashawishi wajumbe waingie kwenye uchaguzi huo pamoja na kasoro zake, na Zuberi Mtemvu, mwanachama aliyepinga, akajitoa TANU kwa hasira. Wote wawili, aliyekubali kuingia na aliyekataa, walikuwa wameona kitu kimoja: namba zinazolingana zinaweza kubeba dhuluma kubwa. Baba yako aliyekuachia maneno ya TANU bila shaka aliijua habari hiyo. Na kwenye imani ya chama kile, baada ya “binadamu wote ni sawa” linafuata neno kwamba kila mtu anastahili heshima. Ongezeni mstari huo kwenye katiba yenu, utawasaidia.

Huyo mwanachama anayesema ukimtazama mtu mmoja mmoja usawa umekufa, msomee Katiba ya nchi. Ibara ya 12 inasema binadamu wote huzaliwa huru na wote ni sawa. Ibara ya 13 inakataza ubaguzi, kisha katika ibara ndogo ya 5 inaeleza kwamba hatua za makusudi za Serikali zenye lengo la kurekebisha matatizo katika jamii zisihesabiwe kuwa ubaguzi. Ni kwa msingi wa namna hiyo halmashauri zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Na Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa mwaka 2006, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, unakwenda mbele zaidi. Unasema kumnyima mtu marekebisho anayoyahitaji, ilhali marekebisho hayo hayawatwiki wengine mzigo kupita kiasi, huko nako ni kumbagua. Mwaka uliofuata tukapata Sheria ya Watu wenye Ulemavu. Kwa hiyo kumtazama fundi kama fundi si upendeleo uliouzua wewe.

Nikiwa kwenye mikopo, nikuonye jambo moja. Asitokee mtu akakushauri mlitumie jina la fundi kukopa kupitia fungu la watu wenye ulemavu, huku porini mnaendelea kumtoza. Mambo hayo hufanyika na yananiumiza sana. Mtu anakuwa mlemavu siku ya kukopa, siku ya kugawana anakuwa mzima kama wengine.

Sasa hao wazee. Nataka uwajibu kwa heshima, lakini uwajibu, maana hoja yao ina sumu kuliko ya mwenye mgongo. Wao tofauti wameziona. Kosa lao ni kuzigeuza ngazi, huyu juu, yule chini. Vidole havilingani, ni kweli kabisa. Lakini sijasikia kidole gumba kikidai damu ya kidole kidogo kwa sababu chenyewe ni kinene. Kila kidole kinalishwa kinachokitosha, na mkono unakamata.

Halafu uwaulize wazee wetu: ni nini hasa kinachowazuia wanawake kurina? Kwetu Unyamwezi asali ilikuwa kazi ya wanaume kwa sababu mzinga wa gogo au wa gome ulitundikwa juu kabisa, mbali na nyegere, moto na wezi, na kambi ilikuwa mbali na nyumbani. Kwa hiyo aliyewatoa wanawake ni kimo cha mzinga na umbali wa kambi. Mzinga wa mbao unaoning'inizwa kwa waya kimo cha kifua, kwenye manzuki, yaani eneo la kufugia nyuki, iliyo karibu na kijiji, mwanamke anaurina akiwa amesimama chini, na mavazi yake ya kinga na bomba lake la moshi. Wako wanawake wengi nchini wanaofanya hivyo leo. Mwanamke ni yuleyule, kilichobadilika ni mahali mzinga ulipo. Ndiyo maana nakusihi, kabla hujasema mtu fulani hawezi, chunguza kwanza kama kutoweza kwenyewe hamjakutengeneza ninyi kwa namna mlivyoipanga kazi. Ukichunguza hivyo hata baiskeli ya fundi utaiona kwa jicho jingine. Kuna njia ya kufika kwenye manzuki ya kijijini? Basi huenda fundi naye akaingia zamuni.

Nimesema huenda, kwa sababu hilo ni la kumuuliza yeye. Hapa ndipo watu wenye huruma wanapokosea. Wanampangia mtu mwenye ulemavu kazi nyepesi bila kumuuliza, wanamkalisha kivulini, wanajipongeza. Muulize unaweza nini, unataka nini, ungehitaji nini ili ufanye. Akisema anataka kuwa kwenye manzuki, tafuteni namna ya salama, maana nyuki si wa kuchezewa na lazima mtu awe na njia ya kuondoka haraka. Akisema anabaki na daftari na kuchuja asali, daftari na kuchuja vihesabiwe zamu kamili. Hapa naona kikundi chenu kimejipunja chenyewe. Mmehesabu kazi moja tu, ya kupanda mti, mkazisahau zote zinazofuata. Nani anabeba ndoo kutoka kambini? Nani anachuja, anayeyusha nta, anafunga vyombo, anakaa sokoni? Nina hakika kina mama wako humo, bila kuandikwa popote. Wazee wanasema hawafanyi kazi kwa sababu daftari halina safu ya kazi yao.

Kijana wako nimemweka peke yake kwa sababu amenifikirisha kuliko wote. Kwa mgao hana shida. Kwa kazi anawashinda. Kwa hesabu zako yeye ndiye mfano wa usawa uliofanikiwa, na bado anakwambia hajawahi kuulizwa anafikiri nini. Mtu anaweza kupewa fungu lake kamili na bado akawa mgeni katika kikundi chake. Tabora ina shule ya viziwi tangu mwaka 1963, kwa hiyo katika mkoa huu hatuwezi kusema lugha ya alama ni kitu kigeni kwetu. Muulize anatumia lugha gani vizuri, alama au maandishi. Mabadiliko ya saa yatumwe kwa ujumbe wa simu kwa wanachama wote, wala si kwake tu. Ajenda iandikwe siku moja kabla. Kama kuna ndugu au jirani anayejua alama, aje mkutanoni kama mkalimani na mmlipe posho kidogo, kwa makubaliano kwamba atasema maneno ya kijana, asimsemee ya kwake. Na mzungumze mmoja mmoja, uso mkiuelekeza kwake. Utashangaa hata wanaosikia wataanza kuelewana. Chama cha Viziwi Tanzania, CHAVITA, kinaweza kuwaelekeza mkikwama.

Nije kwa mwenye mgongo. Usimkejeli, huenda unamuuma kweli. Jibu lake ni kwamba hakuna anayesamehewa kazi. Anayeshindwa kazi moja kwa sababu inayoonekana anachukua nyingine yenye uzito unaolingana, na kikao ndicho kinachoamua, si mwenyekiti pembeni. Mwambie: sawa, ndugu yangu, msimu huu utachuja na kuyeyusha nta badala ya kupanda. Kama mgongo ni wa kweli atashukuru. Kama alikuwa anatafuta kulala, atauona mti ni afadhali. Ataendelea kuwepo mtu mmoja wa kuwalaghai, kila kikundi kinaye, lakini usiwatungie watu 13 waaminifu kanuni ngumu kwa ajili ya kumkamata mmoja.

Kwenye fedha, nakushauri utenganishe vitu ambavyo mmevichanganya kwenye fungu moja. Kuna mtu, kuna mtaji, kuna kazi. Kwa upande wa mtu, kila mwanachama ana kura moja na nafasi moja ya kusema, hapo pasiguswe kamwe. Sisi tumekulia kwenye ushirika wa tumbaku na wa asali, tunajua mwenye ekari moja na mwenye ekari kumi kura yao ni moja moja. Kwa upande wa mtaji, faida ifuate hisa. Mna hisa sawa, basi fungu hilo ni sawa, la mwanamke, la fundi, la mzee. Kazi ilipwe kama kazi: kikao kipange posho ya kila zamu, ya kurina, ya kubeba, ya kuchuja, ya daftari, ya soko, na itolewe kabla ya kugawa faida. Anayelala kambini na kupanda juu gizani apate zaidi kwa siku hiyo, ni haki yake, hatari yake ni kubwa. Hapo wazee watakuwa wamepata walichostahili kudai. Lakini watakipata kama malipo ya usiku ule, na kijana wako kiziwi atakipata kuliko wao. Ila msije mkaipanga posho ya kupanda iwe kubwa mno hadi ile ya kuchuja isibaki na maana, mkawa mmewarudisha kina mama kwenye nusu kwa mlango wa nyuma. Wakati wa kupanga viwango hivyo, hakikisha wanawake wamo katika kamati, na si mmoja.

Hao wawili wanaotaka kuondoa hisa nenda ukawaone nyumbani kwao kabla ya mkutano. Usiende kuwabembeleza. Nenda na daftari, uwaombe wakutajie kazi zote walizofanya msimu uliopita, uandike. Wazee nao waone orodha hiyo mapema, wasije wakaaibishwa mbele ya watu, kwa sababu mzee aliyeaibishwa hadharani hubadili maneno yake tu na moyo ukabaki palepale. Mabadiliko yakipita, yaandikeni kwenye katiba ya kikundi, wote wasaini, na nakala mumpelekee afisa maendeleo ya jamii wa kata.

Limebaki la faini zilizokwisha kukatwa. Fundi arudishiwe zote za zamu za porini, na kijana arudishiwe 2,000 zake. Zitoke kwenye mfuko wa kikundi, mbele ya wanachama wote, kabla ya ajenda ya kwanza. Kama mfuko hautoshi mara moja, andikeni deni na tarehe ya kulimaliza, na deni hilo aliingize fundi mwenyewe kwenye daftari lake.

Shangazi yako, Tabora